Siku Tuliyokichoma Chuma cha Bibi

Chuma kikavu kilichosahauliwa motoni kina harufu yake. Chakula kikiungua hunukia vibaya lakini bado ni chakula. Harufu hii ni kali na tupu, na hukaa nyuma ya koo kama sarafu uliyoilamba ukiwa mdogo. Juzi binti yangu aliacha kikaango juu ya gesi akaenda kupokea simu. Mimi nilikuwa nimejilaza chumba cha pili na miguu yangu hii inayouma, nikajikuta nimekwisha kusimama kabla sijajua kwa nini. Nilizima gesi, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, na nikachoka ghafla uchovu ambao haukuwa wa siku ile wala haukuwa wangu. Ulikuwa uchovu wa Mama.

Binti yangu nilipomweleza alicheka tu. Basi niwaeleze nyinyi.

Tulikaa Majengo, Nyeri, katika nyumba ya Bibi, yaani mama yake Baba. Ilikuwa nyumba ya udongo na bati, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma na mfereji nje ya lango. Vyumba viwili vilikuwa vyetu, kimoja cha Bibi, na vilivyobaki vilikuwa vya wapangaji. Ni miaka ile bendera ilikuwa bado ngeni machoni, na Wazungu wa mashamba ya upande wa mlimani walikuwa wakiuza na kuondoka mmoja mmoja, wakiacha nyuma viti, mapazia na mbwa. Babu, ambaye sikumkuta, alikuwa amempikia mmoja aliyeondoka mapema kuliko wenzake. Alichoachiwa Babu ni kikaango.

Kilikuwa cha chuma cha kumimina, si cha kufua. Kizito, kipana kama sinia, chenye mkono mfupi na tundu la kutundikia. Nyumbani hatukukiita kikaango. Tulikiita Chuma, kana kwamba duniani hakuna chuma kingine. Mafuta ya miaka yote yale yalikuwa yameshikana juu yake yakawa ngozi nyeusi inayong'aa, na chapati iliteleza juu yake bila kubembelezwa. Kwa nje kilikuwa na ukoko mnene hata umbo lake la kweli hatukulijua.

Bibi alikuwa na msemo wake: chapati za nyumba hii ni za Chuma hiki, na siku kikifa, chapati zimekwisha. Alikuwa hataki kusikia habari za vikaango vyepesi vya madukani, aliviita makaratasi. Kusema kweli kodi za vyumba na mshahara wa Baba, aliyeendesha lori la mbao, vingetutosha bila biashara hiyo ya kuuza chapati. Chapati zilikuwa heshima ya Bibi. Majengo nzima ilijua kuwa kwa Bibi Zainabu unakula bila kuuliza kama ni halali, na hilo kwa mjane ni jambo kubwa. Ila heshima ilikuwa ya Bibi na mikono ilikuwa ya Mama.

Mama aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mnaoijua baridi ya Nyeri mwezi wa saba hamhitaji kuelezwa, na msioijua hamtaamini. Akawasha makaa uani, akakanda, akasukuma, akapindua, na watu wa kazi walipoanza kupita alikuwa amekwisha kujaza beseni. Kisha siku yenyewe ndiyo ikaanza, na nguo, na maji, na sisi. Nilikuwa nikimwona akijisugua kifundo cha mkono wa kulia huku akizungumza na watu, bila kukitazama. Alisema mara nyingi, kwa kucheka, kwamba siku Chuma kitakapokufa yeye atalala mpaka jua limkute kitandani. Bibi alikuwa hacheki.

Chumba cha mwisho karibu na choo alikaa Rosa. Mimi nilimwita Anti Rosa. Alikuwa msichana mrefu kutoka upande wa magharibi, mke wa askari polisi, na mumewe alikuwa amepelekwa kazini kaskazini, mbali, mahali ambapo hata barua zilikuwa zinachelewa. Alikuwa na mimba kubwa, hana ndugu Nyeri, na alikuwa akisubiri viwili, mtoto na mume, bila kujua kipi kitatangulia. Mama alimpenda. Walikuwa wakichambua mchele pamoja mlangoni, Mama akimfundisha kusema "kikombe changu" na Rosa akisema "kikombe yangu," wakicheka.

Alasiri moja Rosa aliomba Chuma akaange viazi, kwa sababu sufuria yake ilikuwa nyembamba na kila kitu kiligandamana. Mama akampa. Bibi alikuwa amelala.

Sasa sikilizeni lilipotokea kosa. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kwetu ni hivyo, kwao Rosa ni hivyo, na hata Wakikuyu wa Gatitu waliotuletea maharagwe walikuwa hawarudishi beseni lako bila kutia chochote ndani, angalau kiazi kimoja. Rosa angekuwa mtu asiye na adabu, angekiosha Chuma akakiweka jikoni kimyakimya, na mimi leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alikuwa amelelewa vizuri. Alikirudisha kimejaa viazi vya kukaanga, vimefunikwa kwa sahani, akakipeleka moja kwa moja ukumbini kwa Bibi aliyekuwa ameamka.

"Mama, asante," alisema. "Chuma yenu ni nzuri sana, haishikishi. Nimewaletea viazi kidogo, Hadija aonje."

Hadija ndiye mimi, na sikungoja kuambiwa mara ya pili. Kiazi kile kilikuwa na ganda linalovunjika kwa mlio, ndani unga mtupu, na juu ya chumvi kulikuwa na ladha nyingine, ya moshi na utamu, ambayo sikuijua. Bibi alikuwa amenyoosha mkono achukue chake. Akausitisha, akavuta pumzi.

"Umekaangia nini, mwanangu? Harufu yake ngeni."

"Ni ile mafuta nyeupe, Mama," Rosa alisema kwa furaha. "Bwana yangu alipewa na afisa yake akienda Ulaya. Ya nguruwe. Iko kopo nzima, nikuletee kidogo?"

Mama, aliyekuwa ameshika sahani, aliiweka chini polepole sana. Mimi nilikuwa nimekwisha kumeza.

Niseme ukweli kwa kuwa wote wa siku ile wamekwisha kwenda: sijawahi kula kiazi kitamu kama kile. Bibi alinikokota hadi mferejini akanisukutulisha maji mpaka nikatapika, kisha akanisugua ulimi kwa majivu, na ladha ilikuwa bado ipo. Rosa alitufuata nyuma akilia. "Nilijua nyama yake hamukuli," alikuwa akisema. "Lakini mafuta si nyama, Mama. Si nyama."

Mferejini kulikuwa na wanawake wa mtaa na madebe yao, na Bibi alikuwa na hasira, na hasira ikipata watu wa kuisikiliza huwa ndefu. Mama Wairimu, muuza mboga aliyetoka Gatitu kila siku na kikapu chake, alijaribu kuipoza. "Ati ni ngurue tu? Si muoshe na sabuni iishe?" Hapo ndipo Bibi aliapa. Aliinua kidole akasema Chuma kitachomwa mpaka mafuta yote ya uchafu yatoke, "na wallahi, kikitoka motoni kimekufa, mwanamke huyu hatalala tena chini ya bati langu."

Kila mtu alisikia. Rosa alisimama pembeni, mkono mmoja chini ya tumbo.

Maalimu wa madrasa, tulipomwendea jioni, alisema jambo ni dogo. Chombo kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo, basi, kimetoharika. Bibi alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Njiani akamwambia Mama, "Maalimu hapiki." Alichotaka kusema ni kwamba Maalimu anajua hukumu ya chombo, lakini hajui jinsi chuma kile kinavyokunywa mafuta. Ngozi ile nyeusi ilikuwa imetengenezwa na mafuta, na sasa mafuta ya Rosa yalikuwa yameingia humo. Utaoshaje ngozi ukaacha kilichomo ndani yake? Na watu wanakula kwake bila kuuliza.

"Mama," alisema Mama yangu, kwa ile sauti ya mkwe, ya chini, "tukikitia motoni kikavu, moto mkali, kitageuka."

"Kigeuke. Heri kigeuke kuliko kulisha watu haramu."

Kesho yake asubuhi tulikichoma. Kulikuwa na manyunyu, yale ya Nyeri yasiyonyesha wala kuacha, tukaegemeza kipande cha bati juu ya moto. Rosa alileta kuni mpaka Mama akamkaripia akae. Moshi wake ulikuwa mzito, wa rangi ya samawati, na ulinuka vitu vyote vilivyowahi kupikwa na Babu na Bibi na Mama, na mafuta ya afisa pia. Bibi alikaa mlangoni na leso puani. Baadaye moshi ukaisha, ikabaki harufu ile niliyowaambia, ya chuma kitupu, na ukoko ukaanza kubanduka vipande vipande na kuwa majivu.

Tulikiacha kipoe chenyewe, kwani Mama alisema ukikimwagia maji kikiwa moto kitapasuka mbele ya macho yako. Kisha tukakwangua kwa kipande cha jembe, tukasugua kwa magunzi ya mahindi na majivu na mchanga, mimi nimepiga magoti, kucha zikinitoka damu. Halafu zikafuata zile mara saba, na ile ya udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba. Mwisho Chuma kilikuwa cha kijivu, kitupu, kama mzee aliyenyolewa. Niliona haya kukitazama.

Chini yake kulikuwa na herufi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Nilikuwa nimeanza kusoma vizuri shuleni, nikazitamka moja moja kwa sauti, hazikufanya neno lolote nililolijua. Labda ni jina la mtu, labda la mji. Mama alicheka kidogo. "Miaka yote nimeishi na mgeni, hata jina lake sijui."

Bibi alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Rosa alikuwa chumbani kwake na mlango wazi, na nilimwona akikunja nguo na kuzipanga katika sanduku la bati, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Mama alikausha Chuma juani, jua lile dogo lililokuwa limechomoza, akakiweka mapajani na kuanza kukikagua. Alinionyesha kila kitu, kana kwamba ananifundisha kusoma.

Kulikuwa na vishimo vidogo vidogo upande mmoja, vya kutu ya zamani, labda Mzungu alikiacha kwenye maji. "Hivi si kitu, mafuta yatavijaza." Kulikuwa na mikwaruzo ya kisu, mingi, yote ikielekea upande mmoja. "Hii ni yangu mwenyewe." Ukingo ulikuwa umelika mahali ulipokuwa ukiburuzwa juu ya mawe ya jiko. Katikati kulikuwa na doa la wekundu hafifu, rangi ya tofali, na hilo alilitazama kwa muda. Alisema hapo moto umekizidi, na mafuta yatakataa kushika. Yatashika leo na kesho yatabanduka, na itabidi kurudia na kurudia. Alikiweka juu ya jiwe la kufulia, akakisukuma kwa kidole, kikayumba. "Kimepinda. Lakini wengi tumepinda."

Kisha akaona unywele.

Ulikuwa mwembamba, umelala kutoka ukingoni kwenda ndani. Alijaribu kuupuliza. Akajaribu kuuondoa kwa ncha ya ukucha, ukucha ukakwama. Aliniambia nilete taa ya mafuta ya taa na unga kidogo wa ngano. Njia hiyo aliijua kwa Baba, kwa maana mafundi wa lori ndivyo walivyokuwa wakipima vyuma vya injini, wao kwa chaki. Alipaka mafuta ya taa mahali pale, akangoja, akafuta kabisa kwa kitambaa mpaka pakakauka, akanyunyiza unga. Tulikaa tukitazama. Unga ulikuwa mweupe wote, kisha polepole mstari ukajichora ndani yake, wenye unyevu, kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Mafuta yalikuwa yamejificha kwenye ufa na sasa yalikuwa yanatoka.

Mama aliweka Chuma chini. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono yake mapajani viganja juu, akafumba macho. Nilimtazama nikitegemea ataanza kulia. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyetua mzigo wa kuni mlangoni kwake.

"Mama," nilisema, "sasa Anti Rosa atahama?"

Alifumbua macho. Alitazama upande wa mlango wa Rosa, mahali sanduku lilipokuwa, muda mrefu kuliko nilivyozoea kumwona akitazama kitu chochote. Halafu akachukua pindo la leso yake akaufuta ule unga wote mpaka chuma kikabaki kijivu kitupu. Nilidhani anasafisha tu. Mama alikuwa mtu wa kufutafuta.

Bibi alitoka msikitini na wanawake wakatoka majumbani, kwa sababu kiapo cha mferejini ni cha kila mtu. Mama Wairimu alikuwepo na kikapu chake. Rosa alisimama mlangoni mwake, hakusogea. Bibi alipitisha kamba kwenye tundu la mkono, akakining'iniza Chuma kikawa hakigusi chochote, akatoa ufunguo wa chumba chake. Kila mpishi wa zamani alijua jambo hilo: chuma kizima ukikigonga hulia, sauti inatembea, inakwenda na kurudi. Chenye ufa hakilii.

Akagonga. Kilisema ko, kama ubao.

Bibi akagonga tena upande mwingine. Ko.

Bibi alimgeukia Mama. "Umekikagua?"

"Nimekikagua, Mama."

"Kina nini?"

"Kina vishimo vya kutu," Mama alisema. "Kina mikwaruzo, ni ya kisu changu. Doa la moto hapo katikati. Kimepinda kidogo." Akanyamaza.

Walitazamana, mkwe na mkwe. Nilikuwa nimesimama kati yao na nilifungua mdomo wangu niseme habari za unga, na Mama akaniwekea mkono begani, mzito, nikafunga mdomo. Bibi akagonga mara ya tatu, polepole, sikio lake karibu na chuma.

"Kizima," alisema. "Mnasikia kinavyolia."

"Mimi mbona siskii ikiria?" aliuliza Mama Wairimu.

"Wewe sikio lako ni la sokoni. Nenda ukauze mboga."

Watu wakacheka, na kiapo kikaisha hivyo hivyo, kwa kicheko. Rosa alikaa chini kizingitini na kuficha uso katika leso. Bibi alimkabidhi Mama Chuma kwa mikono miwili. "Kesho chapati kama kawaida."

"Haya," alisema Mama.

Wiki ile niliambiwa nimpelekee Bibi chai yake ya asubuhi kama siku zote, akanirudishia. Nilimpelekea siku iliyofuata, akanirudishia tena, akasema amefunga. Haukuwa mwezi wa Ramadhani wala karibu yake. Nilimwuliza anafunga nini, akaniambia mtoto haulizi. Nilifurahi, kwani chai nilikunywa mimi.

Rosa alijifungua chumbani kwake kwa mkono wa Bibi mwenyewe, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa, na mumewe akaja, akambeba mtoto kama kitu kinachoweza kulipuka. Baadaye askari yule alihamishwa tena na wakaondoka wote watatu. Waliondoka kwa heshima, kwa mzigo uliofungwa vizuri, mchana, watu wakiwasindikiza.

Sisi tukabaki na Chuma. Mama alikirudishia ngozi kwa samli na uvumilivu. Lile doa jekundu lilikataa karibu mwaka mzima, kama alivyosema. Ufa haukuwa na dawa. Kilibidi kipashwe moto taratibu, makaa yakifunikwa kwa majivu kwanza, la sivyo ungepanuka, kwa hiyo Mama aliamka mapema zaidi kuliko zamani. Mafuta yalikuwa yanadondoka kwa chini na moshi ukimwingia machoni. Na kila chapati iliyolala juu yake ilitoka na mstari mweupe, mwembamba, mahali ambapo moto haukufika sawasawa. Mama alijaribu kuzungusha kila moja ili kuukwepa mstari, zungusha na kuzungusha, mkono ule ule. Wateja wakauona, wakaupenda. Walisema nipe zile za mstari. Mtu mmoja kutoka Kenol alimwambia Bibi kwamba hajawahi kuona mpishi anayetia saini chapati zake, na Bibi aliirudia habari hiyo mpaka alipokufa. Hata baada ya Bibi kufa, wateja waliendelea kuja, na Mama akaendelea kuamka, mpaka Chuma chenyewe kilipogawanyika vipande viwili juu ya moto asubuhi moja, mimi nikiwa nimekwisha kuolewa.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama kichekesho. Nilikuwa nikiigiza Bibi na ufunguo wake, ko, ko, na sikio lake la kizee lisilosikia tena, na watu walicheka mpaka machozi. Sikujiuliza vipi sikio lile lile liliweza kusikia kifuniko cha sufuria kikiinuliwa kutoka vyumba vitatu mbali.

Nilikuwa mtu mzima, nimekaa katika darasa la wanawake, Maalimu mwingine akitufundisha habari za viapo. Alisema mtu akiapa kisha akaona heri iko upande mwingine, aiendee heri, atoe kafara; alishe maskini, na asipoweza, afunge. Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliona kikombe cha chai kinarudi mikononi mwangu, cha moto, kimejaa, na nikaelewa kwamba Bibi alisikia. Aliusikia ufa mara ya kwanza tu. Aliapa mbele ya watu, akakivunja kiapo chake mbele ya watu hao hao bila wao kujua, kisha akaenda kulipa kwa Mola wake kwa njaa, maana kulisha maskini kungeonekana na watu. Tangu siku hiyo nilimpenda Bibi upya. Kila nilipoomba, nilimwombea kwa ajili ya ile adhuhuri.

Mama alikuwa hai bado. Nilikwenda kumtazama Majengo, katika chumba alichokuwa akikaa Bibi zamani, na vifundo vyake vya mikono vilikuwa vimevimba hata vidole havikunjiki. Nilimweleza nilichogundua, kwa fahari, kama mtoto aliyeleta karatasi ya mtihani.

"Alijua, ndiyo," Mama alisema. "Kitu kinacholia hukigongi mara tatu."

"Na wewe ulijua kuwa anajua?"

"Tulitazamana."

"Basi si mngekubaliana pembeni, nyinyi wawili? Mseme ni kizima kwa ajili ya Rosa, halafu mkitundike ukutani, nawe upumzike."

Mama alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikishindwa hesabu. "Chuma kizima kinatundikwaje? Majengo nzima imesikia ni kizima. Kikikaa siku mbili bila kupika, watauliza. Kikifa, Rosa ahame. Kikiwa kizima, kipike. Hakukuwa na njia nyingine, Hadija. Mimi niliiona njia hiyo kabla yake, nilipokuwa nafuta ule unga."

Bibi alifunga siku zake chache, na kafara yake ikaisha. Mama hakuwa ameapa kwa lolote. Angesema neno moja tu pale uani, na neno lenyewe lilikuwa la kweli, na angekuwa huru siku ile ile. Badala yake alilisema lile jingine, haya, na akalipa kila alfajiri, kwa mkono wake wa kulia, kwa miaka ambayo sikutaka kuihesabu. Na mimi miaka hiyo yote nilikuwa naamka, jua limekwisha kutoka, nakula chapati ya mstari ya moto, nakwenda shule.

Alikuwa ananyoosha mkono achukue kikombe chake mezani, na vidole vilikuwa vinakataa kukishika.

"Pole, Mama," nilisema. Sikuwa nimewahi kumwambia.

"Pole ya nini?" aliuliza, kwa kweli hajui. "Nishikie hicho kikombe."